Kimya Chako Kisiwe Ridhaa

Miongoni mwa adha zilizozuka katika zama hizi iko moja ambayo kwa udogo wake watu wengi huivumilia bila ya kuisemea, na kwa kuvumiliwa kwake imekua hata ikawa desturi: nayo ni tabia ya kampuni za simu, kompyuta na intaneti kumtwika mteja huduma asizoziomba, kisha kuhesabu kutokataa kwake kuwa ni kukubali. Mtu hununua simu kwa fedha aliyoidunduliza miezi mingi, akaikuta imekwisha jazwa programu asizozijua wala kuzitaka. Huweka salio jioni, asubuhi akakuta limepungua kwa ajili ya vichekesho au habari za mpira ambazo hakupata kuziagiza. Huhifadhi waraka katika kompyuta yake mwenyewe, kisha akaarifiwa kwamba waraka ule umehamishiwa katika ghala la kampuni ng'ambo, na kwamba ghala hilo sasa limejaa, hivyo alipie nafasi zaidi. Katika kila jambo la haya ama mteja hakuulizwa, ama aliulizwa kwa namna ambayo jibu lake lilikuwa limekwisha andikwa kabla hajafungua kinywa.

Sisemi kwamba kampuni haina haki ya kumweleza mteja kitu kipya ilichokitengeneza. Kutangaza ni halali na kushawishi ni halali, na mara nyingine kitu kilicholetwa bila kuombwa hudhihirika kuwa na manufaa. Ninachokipinga ni kuliondoa swali lililopaswa kuwapo baina ya mwenye kutoa na mwenye kupokea. Maana biashara za wanadamu, tangu ununuzi wa samaki pwani hata ukodishaji wa meli, zimesimama juu ya nguzo mbili, ijabu na kabuli, yaani mmoja kusema nakupa kwa kiasi hiki na mwenzake kusema nimekubali. Nguzo ya pili ikiondolewa, kinachobaki si biashara tena, hata kitu chenyewe kikiwa kimetolewa bure.

Wako wanaosema kwamba kimya ni ridhaa, na katika mambo machache ya nyumbani usemi huo una mahali pake. Lakini katika mali na mikataba hauna. Mwaka 1862 mahakama ya Uingereza ilisikiliza shauri la Felthouse na Bindley, ambalo wanafunzi wa sheria husomeshwa hata leo. Paul Felthouse alitaka kununua farasi wa John, mtoto wa ndugu yake, na baada ya kutofautiana juu ya bei alimwandikia kijana huyo barua kusema kwamba asiposikia neno zaidi juu ya farasi yule, atamhesabu kuwa ni wake kwa pauni 30 na shilingi 15. Kijana hakujibu barua. Kisha Bindley, dalali wa mnada, akamuuza farasi kwa makosa, na Felthouse akamshitaki akidai kwamba mali iliyouzwa ilikuwa yake. Alishindwa, kwa sababu mahakama iliona kwamba mtu hana mamlaka ya kumfungia mwenzake mkataba kwa kumwambia kuwa kunyamaza kwake kutakuwa ndiyo. Zaidi ya miaka 160 imepita, na hoja ile iliyokataliwa imerejea duniani, imekaa ndani ya visanduku vilivyokwisha tiwa alama, ndani ya ujumbe usemao kwamba ukiendelea kutumia umekubali, na ndani ya mipangilio ambayo mteja huikuta imewashwa.

Yafaa tuelewe kwanza kwa nini kampuni zenye mali na akili nyingi hung'ang'ania njia hii. Sababu yake ni kwamba wengi wetu hatubadilishi kitu tulichokikuta kimekwisha pangwa. Kama unataka kujua thamani ya uzito huo wa wanadamu, tazama shauri la serikali ya Marekani dhidi ya Google, ambamo Jaji Amit Mehta aliamua tarehe 5 Agosti 2024 kwamba kampuni hiyo imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Nyaraka za shauri hilo zilifichua kwamba mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe ndiyo mtambo wa utafutaji utanguliao kuwekwa katika kivinjari cha Apple. Mwenye simu hakuzuiwa kuchagua mtambo mwingine, na mahali pa kuchagulia palikuwapo. Walakini fedha hizo zote zililipwa kwa yakini kwamba kilichotangulia kuwekwa ndicho ambacho watu wengi watakiacha palepale. Basi unapoona jambo limewashwa katika simu yako bila ya wewe kuliwasha, usidhani ni bahati. Mahali hapo pana bei, na yumkini kuna mtu aliyeilipa.

Madhara ya desturi hii hayalingani. Tarehe 9 Septemba 2014 Apple iliitia albamu ya bendi ya U2, iitwayo Songs of Innocence, katika akaunti za watu wapatao milioni 500 bila ya kuwauliza. Na ingawa muziki ule ulikuwa zawadi, watu walikasirika hata kampuni ikalazimika, kabla ya juma moja kwisha, kutoa njia maalumu ya kuufuta, na mwimbaji Bono akaomba radhi mwezi uliofuata. Hilo lilikuwa karaha tu. Lakini mnamo Februari 2010, Google ilipofungua huduma yake ya Buzz ndani ya barua pepe za Gmail, iliwapangia watu orodha za wafuasi kutokana na wale waliokuwa wakiandikiana nao zaidi, na orodha hizo ziliweza kuonekana hadharani. Fikiri mtu ambaye aliandikiana kwa siri na wakili wake, au na daktari wa maradhi ya akili, au mke aliyemkimbia mume mkali: wote hao, kwa kutobonyeza kitu, waliwekwa katika hatari ya kufichuliwa. Mwaka 2011 Tume ya Biashara ya Marekani iliifunga Google kwa sharti la kukaguliwa na wakaguzi huru kwa muda wa miaka 20, na Buzz yenyewe ikafungwa.

Pengine jambo baya zaidi ni pale hata ishara ya kukataa inapogeuzwa kuwa ya kukubali. Mwaka 2016, Microsoft ilipokuwa ikiwahimiza watu kuhamia Windows 10, dirisha la tangazo lilikuwa na alama ya X pembeni, alama ambayo kwa miaka mingi kila mtumiaji wa kompyuta alifundishwa kuwa maana yake ni funga, sitaki. Lakini safari hii aliyeibonyeza alihesabiwa kuwa ameridhia tarehe ya kuhamishwa iliyokwisha pangwa. Mwezi Desemba mwaka huohuo Chris Capossela, mkuu wa masoko wa kampuni hiyo, alikiri kwamba walivuka mpaka.

Nasi wa Afrika tusidhani kwamba hadithi hizi ni za matajiri peke yao. Mnamo Agosti 2020 ilitangazwa, kutokana na uchunguzi wa kampuni ya usalama ya Upstream, kwamba simu za bei nafuu aina ya Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na programu za uhalifu zilizotiwa ndani kabla simu hazijafika mkononi mwa mnunuzi, nazo zilijaribu kumuungia mwenye simu huduma za kulipia bila ya yeye kujua, zikila salio na bando lake. Kampuni yenye chapa hiyo ilisema kosa lilitendwa na mtu mwingine katika mnyororo wa utengenezaji. Iwavyo iwavyo, waliolipa ni watu waliochagua simu rahisi kwa sababu hawakuwa na fedha ya kupoteza.

Sasa niyaendee mashauri, maana kulalamika pasipo kutenda ni kuzidisha machungu.

Shauri la kwanza ni la siku unapoiwasha simu au kompyuta mpya. Usiwe na haraka. Utaletewa kurasa moja baada ya nyingine, na aghalabu kitufe cha kukubali kitakuwa kikubwa chenye rangi ing'aayo, ilhali maneno "Ruka" au "Si sasa" yatakuwa madogo na hafifu pembeni. Yatafute maneno hayo hafifu, uyabonyeze kila unapokuwa na shaka. Karibu kila kitu ulichokikataa leo utaweza kukifungua kesho ukikihitaji, lakini ukishaikabidhi kampuni orodha ya majina na nambari za watu wote unaojuana nao, huna namna ya hakika ya kuirejesha. Na ukumbuke kwamba orodha hiyo si mali yako pekee: ndani yake mna sitara za watu wengine ambao hawakuulizwa.

Shauri la pili ni ukaguzi wa kila mwezi. Fungua Mipangilio, kisha Programu, uzipitie zote kwa utulivu. Ile usiyoitumia iondoe; na ikiwa ni ile iliyokuja na simu, isiyo na kitufe cha kuondoa, aghalabu utakuta kitufe cha kuizima, nacho huisitisha kazi yake na kuificha machoni. Usizime programu ambayo hujui kazi yake mpaka uwe umemuuliza ajuaye, kwani nyingine ni viungo vya simu yenyewe. Kisha tazama Ruhusa: programu ya tochi haina haja na majina ya jamaa zako, wala mchezo wa watoto hauna haja ya kujua mahali ulipo. Hatimaye tazama Arifa, uwaachie kusema nawe watu unaotaka kuwasikia, na kuwanyamazisha wauzaji. Katika WhatsApp zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe, nawe utaona bando lako likidumu.

Shauri la tatu linahusu salio. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali ambayo tunaiacha bila daftari kama muda wa maongezi. Mtu akikatwa shilingi 100 kila siku haoni uchungu. Lakini kwa mwaka ni shilingi 36,500, na kwa mama mwenye genge la mboga hizo si fedha za kudharauliwa. Basi ujumbe unapojitokeza wenyewe juu ya kioo ukikutaka ubonyeze kukubali, usibonyeze kwa kutaka tu uondoke. Soma, kisha ughairi. Ujumbe wa huduma usiyoijua ukija kutoka nambari fupi, tazama mwisho wake, aghalabu pana neno la kujiondoa kama ONDOA au STOP, ulitume kama ulivyoelekezwa. Kisha pigia huduma kwa wateja wa mtandao wako na uulize mambo matatu: nimeunganishwa na huduma zipi za kulipia, kila moja nilijiunga lini na kwa njia gani, na nitarudishiwa vipi kile nilichokatwa bila idhini yangu. Swali la pili ndilo lenye nguvu, kwa kuwa anayedai kwamba umekubali ndiye anayepaswa kuonyesha ulikubali wapi. Andika tarehe, na uombe nambari ya malalamiko.

Shauri la nne ni juu ya majaribio ya bure yanayoomba nambari ya kadi ya benki au ya simu ya malipo. Ukiamua kujaribu, weka ukumbusho wa siku moja kabla ya muda kwisha. Na fahamu jambo hili ambalo limewagharimu wengi: kuifuta programu katika simu si kuukatisha usajili wake, malipo huendelea mpaka uende mahali pa usajili, katika duka la programu au kwa kampuni yenyewe, ukaubatilishe huko. Usishangae ukiona njia ya kutoka ina kona nyingi. Katika shauri lililoletwa na Tume ya Biashara ya Marekani dhidi ya Amazon ilijulikana kwamba ndani ya kampuni njia ya kujiondoa katika huduma ya Prime iliitwa Iliad, kwa jina la utenzi mrefu wa Wayunani wa kale juu ya vita vya Troy. Mnamo Septemba 2025 Amazon, bila ya kukiri kosa, ilikubali kulipa dola bilioni 2.5, na bilioni 1.5 katika hizo ni za kuwarudishia wateja.

Shauri la tano ni la nadhari, kwa sababu hasira yaweza kumtupa mtu upande wa pili. Usikatae kila sasisho. Yako masasisho yanayoleta mapambo, na yako yanayoziba nyufa za usalama, na haya ya pili yapokee upesi. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa dawa ya ufa mmoja katika Windows. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikaenea duniani kupitia ufa uleule, kikazivuruga hata hospitali za Uingereza, na walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimesasishwa. Hapa ndipo dhulma ya kulazimishana inapoonekana kwa ukamilifu: mtu aliyewahi kuhadaiwa kwa jina la sasisho huogopa masasisho yote, na kwa hofu hiyo hukosa hata lile la kumlinda.

Shauri la sita ni kwa wanaolipia programu za kazi. Unapoarifiwa kwamba bei imepanda kwa sababu umeongezewa kitu kipya, usilipe kabla hujaanza safari ya kujitoa, hata kama hukusudii kujitoa. Nina sababu ya kusema hivi. Mnamo Oktoba 2025 tume ya Australia ya ushindani na wanunuzi iliishitaki Microsoft, ikidai kwamba wateja wapatao milioni 2.7 wa Microsoft 365 waliachwa waamini kwamba hawana budi kuipokea akili unde ya Copilot kwa bei kubwa au waache huduma yote, ilhali palikuwa na mpango wa tatu, wa bei ya zamani na bila Copilot, ambao mteja hakuonyeshwa mpaka alipoanza kujitoa. Mwezi uliofuata kampuni iliomba radhi na kuahidi kuwarejeshea watu fedha zao. Mlango wa kutokea, basi, ndio mahali ambapo bei nafuu hufichwa mara nyingi.

Na juu ya wasaidizi wa akili unde wanaochomoza siku hizi katika kila programu, kama duara la Meta AI katika WhatsApp ambalo mwenye simu hapewi njia ya kuliondoa, na ambalo mamlaka ya ushindani ya Italia ilianza kulichunguza Julai 2025, nakushauri hivi: ukiwahitaji, watumie kwa hiari yako, usipowahitaji, wapite, na kwa vyovyote usiwaandikie maradhi yako, hesabu zako wala siri za nyumba yako. Mazungumzo yako na ndugu yako hufungwa kwa siri baina yenu wawili, bali lile unaloliandikia msaidizi huyo umeliandikia kampuni.

Shauri la saba ni kuitumia sheria, ambayo wengi hatujui kuwa tunayo. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria ya Kenya yasema kwamba ridhaa sharti iwe ya wazi, ya hiari, yenye kuelewa, na iliyotolewa kwa kauli au kwa tendo la kukubali. Yasema pia kwamba mtu aweza kuiondoa ridhaa yake wakati wowote, na kwamba mzigo wa kuthibitisha kuwa ridhaa ilitolewa uko juu ya mwenye kuzitumia taarifa. Haya si maneno ya kupamba kitabu. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Basi lalamika kwanza kwa kampuni, kwa maandishi. Usiporidhika, peleka waraka wako kwa mamlaka: mambo ya taarifa binafsi kwa tume au kamishna wake, na mambo ya salio na nambari fupi kwa wasimamizi wa mawasiliano, yaani TCRA kwa Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya.

Usiseme kwamba sauti yako ni ndogo. Mapema mwaka 2021, WhatsApp ilipotaka watu wakubali masharti mapya kabla ya tarehe 8 Februari, ghadhabu ya watumiaji katika nchi nyingi iliifanya iahirishe hadi 15 Mei. Mwaka 2024 Microsoft ilitangaza chombo cha Recall, cha kupiga picha kila mara za yale mtu ayafanyayo katika kompyuta yake. Haukupita mwezi, kelele za wataalamu na wananchi zikailazimisha itangaze kwamba chombo hicho hakitawashwa ila na mwenyewe. Hakuna hata moja la haya lililopatikana kwa kampuni kujutia peke yake. Yalipatikana kwa sababu watu waliacha kunyamaza.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonisukuma kuandika. Masharti mengi ya huduma hizi yameandikwa kwa Kiingereza kigumu cha mawakili, nayo huwekwa mbele ya bibi aliyepewa simu na wajukuu zake, mbele ya mvuvi, mbele ya kijana aliyeacha shule, kisha kubonyeza kwao huitwa mkataba. Hiyo si insafu. Wajibu wa kampuni ni kusema na watu kwa lugha wanayoielewa, na wajibu wa serikali zetu ni kuishurutisha ifanye hivyo. Lakini maadamu hilo halijatimia, wajibu umeangukia wale ambao tunasoma. Kwa hiyo, ukimaliza kuikagua simu yako, omba ruhusa uikague na ya mzazi wako. Mweleze kila kitu unachokizima na sababu ya kukizima, muulize anachotaka kibaki, na umwachie yeye neno la mwisho, ili nawe usije ukamfanyia kwa mapenzi yale ambayo kampuni humfanyia kwa tamaa.